Upande wa pili wa diski: baiti mbili ndani ya Disk BASIC

Nilikuwa nimeirekebisha Disk BASIC, programu inayoendesha diski kwenye kompyuta yangu ya zamani, ili draivu 2 iwe upande wa pili wa diski iliyo kwenye draivu 0. Nilipoandika DIR 2, yaani nionyeshe mafaili ya draivu 2, kwa mara ya kwanza, kompyuta ilinijibu vizuri mno. Orodha ya mafaili ikatokea, yale yale niliyoyaona dakika moja kabla nilipoandika DIR 0. Hapo tu ningepaswa kushtuka: upande wa pili wa ile diski haujawahi kuandikwa kitu, umepata wapi mafaili? Lakini haraka haraka haina baraka, na mimi siku hiyo nilikuwa na haraka. Nikaandika DSKINI 2 ili niuformati upande wa pili, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi upande wa pili ulikuwa mtupu kama awali, na upande wa kwanza nao sasa ulikuwa mtupu.

Nitalirudia tukio hilo. Kwanza mashine yenyewe. Ni Color Computer 2 yenye kumbukumbu ya 64K, ya familia ambayo kampuni ya Tandy ya Fort Worth, Texas, ilianza kuiuza mwaka 1980 kwenye maduka yake ya Radio Shack. Prosesa ni Motorola 6809E inayotembea kwa takriban megahezi 0.89, na BASIC yake iliandikwa na Microsoft. Ukichomeka kidhibiti cha diski ubavuni, upande wa kulia, ndani yake kuna ROM ya 8K inayokaa kwenye anwani &HC000 hadi &HDFFF. Hiyo ndiyo Disk BASIC, na toleo ninalolizungumzia hapa ni 1.1. Namba zenye &H mbele zimeandikwa kwa msingi wa 16.

Disk BASIC inaijua diski ya upande mmoja tu: traki 35 (njia za mviringo za data), kila traki sekta 18 (vipande vyake), kila sekta baiti 256. Piga hesabu, ni baiti 161,280. Ila draivu za inchi 5.25 zinazopatikana kirahisi leo ni zile zilizotolewa kwenye PC za zamani, zenye vichwa viwili na traki 40. Unaifunga draivu kama hiyo, inafanya kazi bila shida, na kichwa chake cha juu kinakaa bure maisha yake yote. Mimi kitu kukaa bure hivyo hunikera.

Kidhibiti kina rejista moja kwenye anwani &HFF40, na humo kila biti ina kazi yake. Biti 0, 1 na 2 zinachagua draivu 0, 1 na 2. Biti 3 inawasha mota. Biti 4 inarekebisha muda wa kuandika kwenye traki za ndani, biti 5 inachagua msongamano wa data, na biti 7 inaruhusu kidhibiti kumsimamisha prosesa mpaka baiti ifike, maana kwa mwendo wake angeachwa nyuma. Imebaki biti 6. Kitabu cha mashine kinasema ni ya kuchagua draivu 3. Sasa fuata waya wake. Unatoka kwenye kidhibiti, unapita kwenye kebo bapa ya nyaya 34, unafika kwenye pini 32 ya draivu. Kwenye draivu ya pande mbili, pini 32 ndiyo inayochagua kichwa.

Yaani waya wa upande wa pili upo tangu siku ya kwanza. Umepewa jina jingine tu.

Programu nayo inakuchagulia draivu kwa njia nyepesi sana. Ndani ya ROM kuna kipande kinachoitwa DSKCON, ambacho kila usomaji na uandishi wa sekta hupitia. Kinachukua namba ya draivu, 0 hadi 3, kinaangalia kwenye jedwali la baiti nne linaloanzia &HD89D, kinaokota thamani na kuiingiza kwenye rejista. Jedwali lina 1, 2, 4 na 64. Ukiandika 65 mahali pa 4, basi kila atakayeomba draivu 2 atapata draivu 0 pamoja na pini 32, yaani upande wa pili wa draivu ile ile. Ukiandika 66 mahali pa 64, draivu 3 inakuwa upande wa pili wa draivu 1. Baiti mbili, basi.

Fundi mwenzangu mmoja alinipigia baada ya kusikia habari hizi.

"Kaka, kwa nini usiifanye diski moja kubwa? Pande mbili, orodha moja, mambo kwisha."

Swali zuri, na nililijaribu kichwani kabla ya kulikataa. Disk BASIC inagawa diski katika granuli, kila granuli sekta 9, yaani baiti 2,304. Traki ya 17 ni ya orodha ya mafaili, zinabaki traki 34, kwa hiyo granuli 68. Kila granuli ina baiti moja kwenye jedwali la mgao. Ukiongeza upande wa pili wote unapata granuli 138, na kwenye diski yenyewe hakuna tatizo: jedwali limekaa kwenye sekta ya baiti 256, na namba 138 bado iko chini ya &HC0, ambapo alama za mwisho wa faili zinaanzia. Kasheshe iko kwenye kumbukumbu. Mashine inapowaka inatenga nakala ya jedwali la kila draivu, baiti 74 kila moja: 6 za kichwa na 68 za granuli, zimepangwa zikigusana kuanzia &H0800. Jedwali la granuli 138 litamkanyaga jirani yake. Kumhamisha jirani ni kugusa kila mahali panapomtaja, na ukimaliza hapo, programu zote za zamani zinazoamini kwamba diski ina granuli 68 zitaandika ovyo juu ya mafaili yako.

Ukiufanya upande wa pili uwe draivu nyingine, hakuna atakayejua. Programu nyingi za enzi zile hazipiti hata kwenye BASIC; zinaita DSKCON moja kwa moja kupitia anwani iliyohifadhiwa kwenye &HC004, zikitoa namba ya draivu, traki na sekta. Zikipewa draivu 2 zinaandika upande wa pili kwa amani kabisa, bila kubadilishwa herufi moja. Hilo ndilo lililonishawishi.

Tatizo dogo ni kwamba ROM haiandikiki. Kwenye Color Computer 3 mfumo unajinakili kwenye RAM wenyewe inapowaka, kwa hiyo POKE, amri ya kuandika baiti kwenye anwani ya kumbukumbu, zinashika papo hapo. Kwenye 2 unanakili mwenyewe:

10 CLEAR 200,&H7EFF
20 FOR I=0 TO 22:READ A$:POKE &H7F00+I,VAL("&H"+A$):NEXT I
30 EXEC &H7F00
40 POKE &HD89F,&H41:POKE &HD8A0,&H42
100 DATA 1A,50,8E,80,00,B7,FF,DE,A6,84,B7,FF,DF,A7,80,8C,E0,00,25,F1,1C,AF,39

Kile kipande cha lugha ya mashine kinazuia usumbufu wa vikatizo, halafu baiti moja moja kinageukia ROM, kinasoma, kinageukia RAM, kinaandika pale pale. Anwani &HFFDE na &HFFDF ni swichi za kugeuza; haijalishi unaandika nini humo, kule kugusa tu kunatosha. Kabla ya mstari wa 40, tafadhali andika PRINT PEEK(&HD8A0). Ikija 64, endelea. Ikija kitu kingine, ROM yako si 1.1, na hizo POKE zitaharibu kitu usichokijua. Kumbuka pia kwamba ukibonyeza kitufe cha reset mashine inarudi kwenye ROM, na mabadiliko yote yanapotea.

Sasa turudi kwenye chai yangu.

Programu ilikuwa sahihi, na bado diski ilifutwa. Nilizunguka jioni nzima nikilisoma jedwali upya, nikishuku draivu, nikishuku hata umeme wa nyumbani. Mwisho nikachomoa kebo na kuitazama kwa taa ya mkononi. Kwenye kila kiunganishi cha draivu kulikuwa na mashimo matupu: meno machache ya shaba yameng'olewa. Haikuwa ajali. Kebo za aina hiyo zilitengenezwa hivyo makusudi. Draivu zote ziliwekwa zijibu kila mstari wa kuchagua, halafu kebo ndiyo ikaamua nani ni nani kwa kumwachia kila mmoja jino lake moja tu. Kiunganishi cha draivu 0 kilikuwa na jino la pini 10, na la pini 32 halikuwepo.

Kwa hiyo nilipoomba draivu 2, rejista ilipokea 65 kama nilivyotaka, draivu 0 ikaitika, na amri ya kugeuza kichwa ikaishia kwenye shimo tupu. DIR 2 ikasoma upande wa kwanza. DSKINI 2 ikafuta upande wa kwanza. Dawa ni kebo kamili isiyong'olewa meno, na kijumpa cha kila draivu, kile kiunganishi kidogo cha kuipa namba, kiwekwe kwenye namba yake moja. Kabla ya kuamini chochote, weka multimita kwenye mlio, ncha moja pini 32 upande wa kidhibiti, nyingine pini 32 upande wa draivu. Isipolia, usiguse DSKINI.

Kwa kebo mpya mambo yakaenda, lakini kwa kelele. BACKUP 0 TO 2, amri ambayo sasa inanakili upande mmoja kwenda mwingine bila kubadilisha diski mkononi, ilikuwa ikifika kila zamu ya kuvuka upande draivu inakoroma: trrrrk, kichwa kinarudi hadi traki 0, kinatulia, kisha kinaanza safari upya. Data ilifika salama. Ila ule mlio haukuwa wa kawaida, na nilijua kuna kitu.

Ilikuwa hivi. Kidhibiti cha WD1793 kina rejista moja tu ya kukumbuka kichwa kiko traki gani, ilhali draivu ni nne. DSKCON inatunza hesabu hiyo yenyewe, baiti moja kwa kila draivu, kuanzia &H097E. Kwa draivu nne za kweli ni mpango mzuri. Lakini draivu 0 na draivu 2 zangu zina mkono mmoja wa vichwa. Draivu 0 ikisogea hadi traki 20, daftari la draivu 2 bado linasema 5. DSKCON inaamini daftari, inaanza kuhesabu hatua kutoka 5, inatua pasipo. Bahati nzuri amri yake ya kusogeza kichwa inasoma traki ilipotua na kuhakiki namba. Ikikuta si yenyewe inakwenda traki 0 na kujaribu tena, jumla mara tano. Ule mkoromo ulikuwa ni DSKCON ikijisahihisha.

Tiba ni kuzifanya draivu zinazoshiriki mkono zishiriki pia daftari. Kwa mpangilio wangu 0 inaenda na 2, 1 inaenda na 3, kwa hiyo inatosha kubakiza biti ya chini ya namba ya draivu. Kati ya &HD75F na &HD89D tafuta mfululizo 8E 09 7E D6 EB. Unatokea mara mbili, kwenye kurudisha kichwa traki 0 na kwenye kusoma na kuandika. Pote pawili weka BD E0 00 12 12, halafu kwenye &HE000, ambapo RAM ya Color Computer 2 iko tupu baada ya kunakili, weka:

8E 09 7E D6 EB C4 01 39

Ni zile baiti tano za mwanzo, ikifuatiwa na C4 01 inayofuta kila biti isipokuwa ya chini, kisha kurudi. Kwenye Color Computer 3 usifanye hivyo kwenye &HE000, maana huko kuna sehemu nyingine ya BASIC. Ukiwa hapo unaweza pia kuongeza kasi: ROM inasogeza kichwa kwa milisekunde 30 kwa hatua, mwendo wa draivu za kale. POKE &HD7C0,0 na POKE &HD816,&H14 zinaishusha hadi milisekunde 6, na draivu za PC zinaimudu bila jasho. BACKUP sasa inapita kimya, tik tik tik, utadhani ni mashine nyingine.

Mitego miwili kabla sijasahau. Kama una diski za zamani ambazo mwenyewe alikuwa akizigeuza juu chini ili atumie upande wa pili, usitegemee kuusoma upande huo kwa kichwa cha juu. Diski ikigeuzwa huzunguka kinyume, na data yake iko kinyumenyume mbele ya kichwa hicho. Hiyo bado utaigeuza kwa mkono.

Mtego wa pili utaugundua siku ukipeleka diski yako kwenye PC ili kuitunza kama faili. Kila sekta ina utambulisho wake: traki, upande, namba ya sekta, ukubwa. DSKINI haijui kwamba iko upande wa pili, inadhani inaformati draivu 2, kwa hiyo inaandika upande 0 kotekote. Color Computer haijali, kwa kuwa amri zake za kusoma haziangalii baiti hiyo. Kidhibiti cha PC, cha ukoo wa NEC 765, kinailinganisha kila mara, na kitakuambia sekta haipo hata kama ipo mbele yake. Tumia programu ya kunakili inayokuruhusu kutaja namba ya upande kivyake, tofauti na kichwa kinachotumika. Mimi nilipoteza Jumamosi mbili nikisafisha vichwa kwa spiriti kabla ya kulielewa hilo.