Kwa nini chewa hamli samaki anayeingia kinywani mwake?

Chewa humeza samaki mzimamzima. Hata hivyo, kwenye miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi na Pasifiki utamkuta ametulia tuli, ameachama, na samaki mwembamba wa urefu wa kidole anaingia mdomoni, anadonoadonoa kati ya meno, kisha anatokea kwenye matamvua. Chewa hafungi kinywa. Amekaa kama mtu aliye kwenye kiti cha kinyozi.

Huyo mdogo ni samaki msafishaji, kwa jina la kisayansi Labroides dimidiatus. Ana rangi ya buluu na mstari mweusi unaoanzia mdomoni na kupanuka kuelekea mkiani. Hula vimelea wanaonyonya damu ya samaki. Katika utafiti uliofanywa Lizard Island, kwenye Great Barrier Reef ya Australia, ilionekana kuwa msafishaji mmoja hukagua samaki zaidi ya 2,000 kwa siku na kula vimelea wapatao 1,200. Basi chewa akimla amepata tonge moja tu, na kesho chawa wake hawana wa kuwatoa. Huko huko, mahali ambapo wasafishaji waliondolewa kwa zaidi ya miaka minane, samaki wengine walipungua.

Ila msafishaji naye si malaika. Anachokipenda hasa ni ute unaofunika ngozi ya samaki, na huo mteja, yaani samaki anayesafishwa, anauhitaji. Akishindwa kujizuia huung'ata, na hapo utamwona mteja akishtuka ghafla, mwili mzima ukitikisika. Samaki anayezunguka eneo kubwa huondoka na kutafuta kituo kingine, yaani mahali pengine penye msafishaji. Yule asiye na pengine pa kwenda humfukuza msafishaji. Dume na jike wakihudumia mteja mmoja, jike akang'ata, dume humkimbiza jike, kwani mteja akiondoka wote wawili wamekosa.

Ukitaka kuyaona haya, usimtafute msafishaji. Ni mdogo mno. Tafuta mteja aliyekaa vibaya: samaki aliyesimama wima, kichwa juu au chini, mapezi yametanuliwa, mdomo wazi, wakati mwingine rangi imebadilika. Wakiwa watatu wanne wamekusanyika bila kula wala kukimbizana, hapo ni kituo. Mara nyingi ni kwenye kichwa cha tumbawe kilichojitenga au jiwe linalojitokeza kuliko mengine, na vituo vingine viko kwenye maji ya mita mbili au tatu, kwa hiyo hata mwenye miwani na bomba la kupumulia anavifikia. Nenda mchana, usiku msafishaji amelala ndani ya ufa.

Kosa la kawaida ni kusogea haraka kutoka juu. Kivuli kikiwafunika, wateja hutawanyika, na wewe utabaki ukitazama jiwe tupu. Simama mita tatu hivi kutoka kituoni, kwa pembeni, usipige mapezi ya miguuni, pumua polepole, kisha subiri dakika tano. Mzamiaji mwenye mtungi wa hewa achunge asizame hadi kugusa matumbawe. Pia mapovu mengi kwa mkupuo huwashtua samaki. Anayeelea juu na alale tu, maji yambebe. Kupiga mbizi juu ya kituo kila dakika ni kuwafukuza wateja.

Angalia pia tapeli. Yupo samaki mwingine, Aspidontus taeniatus, mwenye rangi na mstari ule ule, hata mwendo wa kuchezacheza anauiga. Mteja akimkaribia, hung'atwa kipande cha pezi. Umtambue kwa mdomo: wa msafishaji uko kwenye ncha ya uso, wa tapeli uko chini, pua imeufunika. Ukiwa mbali huwezi kuliona hilo, lakini tabia ya wateja itakuonyesha. Samaki wakimkimbia badala ya kumpangia foleni, huenda ndiye.

Na ukikuta samaki mweusi wa sentimita chache tu, mwenye mstari wa buluu inayong'aa mgongoni, huyo si jamii nyingine. Ni msafishaji mchanga, na kazi ameshaanza.