Ibara ya 5 ya NATO si vita vya papo hapo

Kila mzozo wa Ulaya unapopamba moto, utasikia vijiweni: ukiigusa nchi moja ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, wanachama wote lazima waingie vitani siku hiyohiyo. Mkataba wenyewe hausemi hivyo.

Ibara ya 5 ya Mkataba wa Washington wa mwaka 1949, ulioanzisha NATO, inasema shambulio dhidi ya mwanachama mmoja litahesabiwa kuwa dhidi ya wote. Watu wengi huishia hapo. Lakini maneno yanaendelea: kila nchi itasaidia kwa hatua itakayoiona inafaa, ikiwemo nguvu za kijeshi. Kusaidia ni wajibu. Namna ya kusaidia, kila serikali hujiamulia. Marekani yenyewe ndiyo iliyosisitiza hilo, maana huko mamlaka ya kutangaza vita ni ya Bunge.

Ibara hiyo imetumika mara moja tu, baada ya Septemba 11, 2001. Ndege za rada za NATO zikapelekwa kulinda anga la Marekani. Uvamizi wa Afghanistan uliofuata Oktoba uliongozwa na Marekani, si NATO, ambayo ilichukua uongozi wa kikosi cha kimataifa huko Agosti 2003.

Na Falkland, visiwa vinavyotawaliwa na Uingereza kusini mwa Atlantiki, vilipovamiwa na Argentina mwaka 1982? Ibara ya 5 haikuhusika, kwani Ibara ya 6, inayotaja maeneo yanayolindwa, inaishia kaskazini mwa Tropiki ya Kansa, mstari wa ramani ulio kaskazini mwa ikweta.

Kilichobadilika ni maana ya "shambulio". Mwaka 2014 wanachama walikubaliana kuwa hata mashambulizi ya mtandaoni yanaweza kuhesabika, na 2021 wakaongeza yale ya anga za juu. Mstari wenyewe uko wapi? Haujachorwa, huamuliwa tukio kwa tukio.