Kuahirisha masomo: dhana za mabwenini na ukweli wa kisaikolojia

"Huo ni uvivu tu."

Mvivu hana habari. Anayeahirisha ana habari sana: ripoti ya Ijumaa anaikumbuka akiwa foleni ya chakula, akipiga pasi, hata kitandani. Mtazame aliyepewa wiki tatu aandike sura ya pili ya utafiti wake. Anawasha kompyuta, anafungua faili, anaweka jina lake katikati ya ukurasa, anabadilisha fonti mara mbili. Kisha anakumbuka kwamba shuka hazijafuliwa. Anafua ndoo mbili nzima, halafu anadeki chumba mpaka uvunguni mwa kitanda. Mvivu gani anadeki uvunguni?

Anachokikimbia ni ile hali inayomvaa kila akifungua faili: hajui aanzie wapi, na anahisi msimamizi atairudisha sura imejaa wino mwekundu. Akifunga faili, anapata nafuu papo hapo. Nafuu hiyo ndiyo mtego. Akili inajifunza kwamba dawa ya wasiwasi ni kufunga faili, na kesho yake kulifungua kunakuwa kuzito zaidi. Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliliweka hivyo mwaka 2013: mtu anatuliza hisia za sasa, na gharama anamwachia yeye mwenyewe wa baadaye.

Laura Solomon na Esther Rothblum walipowauliza wanafunzi wa Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984, asilimia 46 walisema huahirisha kila mara au karibu kila mara kuandika insha za muhula. Kwa usomaji wa kila wiki ilikuwa kama 30, na kujiandaa na mtihani 28 hivi. Ingekuwa uvivu tu, tungetarajia utapakae sawasawa. Badala yake umejazana kwenye kuandika, penye ukurasa mtupu na mtu wa kukuhukumu.

"Zimamoto, kazi ya usiku wa mwisho, ndiyo huwa inanitoa."

Dianne Tice na Roy Baumeister waliwafuatilia wanafunzi kwa muhula (1997). Mwanzoni wenye kuahirisha walikula raha: msongo mdogo, magonjwa machache kuliko wenzao. Mwishoni mambo yaligeuka, na alama zao zikawa chini. Imani ya zimamoto inadumu kwa sababu mwenye nayo hana cha kulinganisha; kazi zake zote alizifanya usiku wa mwisho. Usiku ule kinachoongezeka ni mbio. Hakuna muda wa kusoma upya, marejeo yanaingia kombo, na umeme ukikatika saa nane usiku hakuna pa kukimbilia.

"Kazi yenyewe ya siku mbili."

Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa Kanada watamaliza lini tasnifu zao. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi. Wakaulizwa: na mambo yakienda vibaya kabisa? Kama 49. Zilichukua 55 na nusu. Yaani hata hofu yao ilikuwa na matumaini mengi mno. Kwa hiyo usikadirie kwa kuitazama kazi iliyo mbele yako, tazama iliyopita. Kama insha ya mwisho ilikula siku tisa, andika tisa.

"Nasubiri mzuka."

Mara nyingi mzuka huja ukiwa umeshaanza. Kinachokuanzisha ni kuamua mapema saa, mahali na tendo. Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter waliwapa wanafunzi wa Ujerumani ripoti ya kuandika ndani ya siku mbili za sikukuu ya Krismasi. Walioamua kabla wataandika wapi na lini, karibu robo tatu yao walifanya. Wengine, kama theluthi tu.

"Kuandika sura ya pili" hakufai kwenye ratiba, maana hakuna pa kushikia. Andika hivi: "Kesho nikimaliza chai, nakaa maktaba, nasoma muhtasari wa makala ya kwanza, naandika sentensi tatu." Fanya dakika 25, pumzika tano. Mambo huharibikia kwenye zile tano: pumziko la simu halina mwisho. Simu ibaki chumbani. Kuilaza kifudifudi mezani ni kujidanganya. Ukiacha, acha katikati ya sentensi ambayo mwisho wake unaujua, ili kesho uwe na pa kuingilia.

"Mimi napenda kazi safi, ndiyo maana nachelewa."

Kisingizio chenye heshima zake. Piers Steel alipojumlisha tafiti nyingi mwaka 2007, kupenda ukamilifu kulihusiana na kuahirisha kwa kiasi kidogo sana. Vilivyohusiana zaidi ni kazi inayochukiza, kutojiamini kwamba utaiweza, na papara.

"Jitukane kidogo, utaamka."

Michael Wohl na wenzake (2010) waliwachunguza wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioahirisha kujiandaa na mtihani. Waliojisamehe hawakuahirisha sana kama wenzao kujiandaa na mtihani uliofuata. Inaeleweka: aibu nayo ni hisia ambayo mtu huikimbia, ndiyo maana mtu hubadilisha njia akimwona msimamizi kwenye korido. Ukiwa umeshachelewa, mtumie kurasa nne ulizonazo, na mapengo yake, pamoja na mistari miwili: ulipokwama, na siku utakayoleta zilizobaki.