Gari inaenda kilomita ngapi kwa lita? Maana ya ulaji wa mafuta barabarani

Ukitaka kununua gari hapa Mtwara, swali la kwanza utakalopigwa na ndugu, jirani, na hata bodaboda aliyekupakia ni "inaenda ngapi kwa lita?", na majibu huwa yako tayari mdomoni, IST kumi na tano, Noah tisa, Land Cruiser we usiulize. Sasa namba kama hizo mtu hajatunga, ila hazikusaidii kitu mpaka aliyezisema akwambie alikuwa barabara gani, anakimbia ngapi na amepakia nini. Ulaji wa mafuta wa barabarani ndio huo: mafuta yaliyoungua kweli kwa umbali uliotembea kweli, kwa njia zako, mzigo wako na mguu wako. Ule wa kwenye karatasi ya kiwanda ni kitu kingine, umepimwa ndani ya jengo, gari haiendi popote, matairi yanazungusha roli za chuma na dereva anafuata mwendo aliochorewa kwenye skrini.

Kwanza vipimo tuvimalize haraka. Sisi tunahesabu kilomita kwa lita, Ulaya bara wanageuza, wanataja lita kwa kilomita 100, kwa hiyo gari iliyoandikwa 7 ni kilomita 14 na ushee kwa lita. Waingereza na Wamarekani wanahesabu maili kwa galoni na galoni zenyewe hazilingani, ya Uingereza ina lita 4.55 na ya Marekani 3.79, ndiyo maana maili 40 kwa galoni ya Uingereza ni kama kilomita 14 kwa lita na ya Marekani ni 17. Ukisoma habari za gari mtandaoni angalia kwanza aliyeandika yuko wapi.

Hii namna yetu ya kilomita kwa lita ina kaugonjwa kamoja. Chukua safari ya Mtwara Masasi kwenda na kurudi, kama kilomita 400. Gari ya kilomita 8 kwa lita inakula lita 50, ukibadilisha ukachukua ya 10 inakula 40, umeokoa lita kumi. Mwenzako anatoka kwenye gari ya 16 anaingia kwenye ya 20, kwa macho yeye ndiye karuka juu zaidi, kumbe katoka lita 25 kaingia 20, kaokoa tano tu. Kwa hiyo mwenye gari kubwa akipunguza kidogo anapata hela nyingi kuliko mwenye kigari kinachonusa mafuta anayehangaika kuongeza kilomita mbili. Wazungu na lita zao kwa kilomita 100 hili wanaliona bila kupiga hesabu.

Haya, namba ya kiwanda inatoka wapi. Gari zetu nyingi zinatoka Japani zikiwa zimetumika, na zile za miaka ya 2000 zilipimwa kwa mtindo walioita 10-15. Ukiusoma mtindo huo utacheka. Ni dakika 11 tu, umbali wa kilomita 4 na kidogo, mwendo wa wastani kilomita 22.7 kwa saa, na mwendo wa juu kabisa ni 70, tena injini ishapata moto. Hiyo ni safari ya mjini Tokyo, siyo ya Nangurukuru. Baadaye wakaja na JC08, ndefu karibu mara mbili, mwendo wa juu ukafika karibu 82 na sehemu ya kipimo ikawa injini inaanza ya baridi, halafu kuanzia 2018 wakahamia kwenye kipimo cha kimataifa cha WLTP, wakaondoa kile kipande cha mwendo mkali kabisa. Kwa hiyo ukikuta stika ya Kijapani kwenye kioo cha nyuma yenye namba tamu, jua inasema gari hiyo ikoje mbele ya gari nyingine zilizopimwa kwa mtindo uleule, basi. Haijui lolote kuhusu wewe.

Ulaya walikuwa na shida hiyohiyo. Kipimo chao cha zamani, NEDC, kilikuwa laini mno, na watengenezaji wakajifunza kukijibu kama mwanafunzi aliyeibiwa mtihani akaletewa nyumbani. ICCT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa usafiri safi iliyokuwa ikifuatilia, ilikuta pengo kati ya karatasi na barabara mwaka 2001 lilikuwa chini ya asilimia 10, ila kufika 2015 na kuendelea limekaribia 40. Angalia hapo, magari yalikuwa mapya zaidi, yana teknolojia zaidi, na pengo linakua. WLTP ikaanza 2017, ni dakika 30, kilomita 23, mwendo unafika 131. Halafu gari mpya za huko zikawekewa kifaa cha kurekodi mafuta zinayokula zikiwa mikononi mwa wenyewe, na ripoti ya Tume ya Ulaya ya 2024 ikasema za petroli zinakula karibu asilimia 24 zaidi ya karatasi, dizeli kama 18, na zile haibridi za kuchaji kwenye umeme ndiyo aibu, mara tatu na nusu. Na kuna waliodanganya kabisa kabisa, Mitsubishi mwaka 2016 walikiri kupika data za mafuta za vigari vyao vidogo huko Japani, zaidi ya gari laki sita.

Lakini si pengo lote linatokana na wizi, jingine linatokana na jinsi injini za kisasa zilivyo. Kiinjini kidogo chenye tabo (turbo, ile inayosukumia hewa zaidi ndani ya injini) kinakula kidogo sana ukikiendesha polepole, yaani mwendo wa kwenye kipimo. Kipe watu watano, AC, mzigo wa korosho kwenye buti na mlima, tabo inafanya kazi muda wote na kompyuta inaongeza petroli ili injini isichemke kupita kiasi, hapo kinaweza kula sawa na injini kubwa ya kawaida au kuipita. Ile ya injini kujizima ukisimama nayo ni tamu kwenye kipimo, Dar kwenye foleni utaifaidi, ila Mtwara mjini utasimama wapi muda mrefu hivyo? Na kuna jambo moja ambalo sisi tuko mbele ya wazungu, joto. Injini ya baridi inakula sana, wao asubuhi za barafu zinawaumiza, huku ukitoka nyumbani injini inapata moto haraka. Tunachookoa hapo AC inachukua sehemu yake.

Barabarani adui mkubwa ni upepo, na upepo haupandi taratibu. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukaenda 110, nguvu ya hewa kukuzuia inakaribia kuwa mara mbili, ingawa mwendo umeongeza theluthi tu na kidogo. Hapo bado hujahesabu kusi, upepo unaotoka kusini. Miezi ya katikati ya mwaka ukitoka Dar kuja kusini, kwenye vipande vilivyo wazi unakula upepo wa uso, na upepo wa 25 ukijumlisha na mwendo wako wa 90 gari inapambana na hewa ya 115. Ndiyo maana mtu anaweza kwenda Dar vizuri akarudi na lita zaidi, akaanza kulaumu sheli ya Kibiti kwamba mafuta yamechakachuliwa. Na ile keria ya juu, hata ikiwa tupu, inakula mafuta kila siku bila kubeba kitu, kama huitumii itoe.

Halafu matuta. Gari ya kilo 1,200 ukiipeleka hadi 90, ukakanyaga breki hadi 10 kwenye tuta la kijiji, ukakanyaga tena, yale mafuta yaliyoipa kasi yote umeyageuza joto la breki. Barabara ya Lindi ina vijiji mfululizo vya 50, na anayeachia mafuta mapema akiona kibao, gari ikaenda yenyewe kwenye gia, injini za kisasa zinakata kabisa kumwaga mafuta kwa sekunde hizo. Anayeweka nyutro ili "isile" ndiye anayeilisha mafuta, kwa sababu ikiwa nyutro injini lazima ichome kidogo isizime. Nimebishana sana na madereva juu ya hili na wengi hawakubali hadi leo.

Milima nayo ina hesabu yake. Kupanda Newala kutoka upande wa Masasi unaiona kwenye skrini ya dashibodi kilomita kwa lita ikidondoka hadi tano, nne, ukishuka inakuonyesha namba ya kuchekesha. Usiamini yoyote kati ya hizo. Hesabu ni ya kwenda na kurudi, na hata hivyo kushuka hakurudishi vyote ulivyotumia kupandia kwa sababu ya breki.

Dizeli je? Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli, kama asilimia 10 hivi na zaidi kidogo, na injini yake inakandamiza hewa zaidi, kwa hiyo inaenda mbali kwa lita, hasa ikiwa na mzigo na mwendo mrefu. Hilux ya dizeli inayozunguka Tandahimba msimu wa korosho iko mahali pake. Ila dizeli za kisasa, mfano Mazda CX-5 ya dizeli, zina filta ya masizi kwenye bomba la moshi, na filta ikijaa gari inajichomea masizi yenyewe kwa kumwaga dizeli ya ziada. Inataka safari ndefu yenye moto ili imalize. Ukiifanya ya kwenda sokoni na kurudi Shangani, inaanza kuchoma, unazima, inaanza tena kesho, mafuta yanapotea na mwisho taa inawaka. Kwa matumizi hayo chukua petroli, sioni cha kujadili.

Kujua ya kwako ni rahisi, ila si kwa geji, geji haishuki sawasawa, robo ya mwisho inaweza kwenda mbio kuliko ya kwanza. Jaza hadi pampu ikate yenyewe, kijana wa sheli akitaka kubana bana ili ifike elfu kamili mwambie basi inatosha. Rudisha tripu ziro. Tembea kama kawaida yako, ukirudi jaza tena hadi ikate, ikiwezekana sheli ileile na pampu ileile, gari imesimama upande uleule maana sakafu ikiinama tenki linapokea tofauti. Kilomita za tripu gawa kwa lita ulizojaza safari hii ya pili, mfano 402 kwa 29 ni 13.9. Fanya hivyo mara kadhaa, mara moja haitoshi, lita moja ya kukosea hapo ni nusu kilomita. Na kama gari imebadilishwa saizi ya matairi, kilomita zenyewe za dashibodi zinaweza kuwa zinadanganya. Ukitaka hela, chukua bei ya lita ya mwezi huo, EWURA, wale wadhibiti wa bei za mafuta, wanaitoa Jumatano ya kwanza, na mafuta yanayopitia bandari ya Mtwara yana bei yake, gawa kwa 13.9 unapata kilomita moja ni shilingi ngapi.

Ukishakuwa na namba yako, ikidondoka ghafla ndipo inakulipa, kwa sababu barabara haijabadilika na mguu ni uleule. Anza na upepo wa matairi, upime asubuhi kabla hujatembea. Kisha breki: endesha kidogo bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, moja ikiwa na joto kuliko wenzake breki yake inashika. Halafu muulize fundi wako kama aliwahi kuitoa themostati, ile inayozuia maji yasiende rejeta hadi injini ipate moto, maana wengi wanaing'oa wakisema huku kuna joto haihitajiki, na injini ikawa haifiki moto wake, kompyuta inadhani ni asubuhi ya baridi inaendelea kumwaga petroli njia nzima hadi Masasi. Plagi, filta ya hewa na sensa ya oksijeni zinafuata baada ya hapo.