Je, wajua kwa nini vilima vya Uingereza huchomwa moto kwa ajili ya ndege mmoja?

Ukipita angani juu ya kaskazini mwa Uingereza au mashariki mwa Uskoti, utaona vilima vyenye mabaka kama ngozi ya twiga. Mabaka hayo ni alama za moto. Kilima huchomwa kipande kwa kipande, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya grausi mwekundu, ndege wa ukoo wa kwale na kanga ambaye kwa asili yuko Uingereza na Ayalandi tu.

Chakula kikuu cha grausi ni machipukizi ya kaluna, kichaka kifupi chenye maua ya zambarau kinachofunika vilima vile vya baridi na upepo. Mfugaji yeyote aliyewahi kuchoma nyasi kavu ili ng'ombe wapate majani mabichi ataielewa hesabu hii mara moja. Kaluna changa ni chakula, na kaluna iliyokomaa ni maficho. Walinzi wa mawindo, watu walioajiriwa na wenye ardhi, huchoma vipande vidogo kwa zamu ili grausi apate vyote viwili hatua chache kutoka alipo.

Lakini ndege wa porini anayejitafutia mwenyewe kwa nini atunzwe hivyo? Jibu liko katika namna anavyowindwa.

Grausi anaweza kuwindwa kwa kutembea. Mtu na mbwa wake wanapanda kilima, mbwa ananusa, ndege anaruka, bunduki inalia. Kwa siku nzima mtu hurudi na ndege wachache, na kilima chenye ndege wachache kinamtosha. Namna ya pili ni kuswaga. Wawindaji wanane au tisa hujipanga ndani ya maficho ya mawe na udongo, kila mmoja kwenye lake. Mbali upande wa pili, mstari mrefu wa waswagaji huanza kutembea kuelekea kwao huku wakipeperusha bendera. Ndege hufumuka makundi kwa makundi, wakashuka na upepo karibu na ardhi kwa mwendo wa gari la barabara kuu, wakapita juu ya maficho. Mwindaji huwa na bunduki mbili za marisau, na nyuma yake yuko mtu wa kumjazia moja anapofyatua nyingine.

Uwindaji wa namna hii hauna maana kama ndege ni wachache. Unataka wingi, tena wingi usio wa kawaida, na naamini ukilishika hilo umeushika ugomvi wote uliopo juu ya uwindaji huu.

Mtindo huu ulikua katika karne ya 19. Gobori la kujazwa mdomoni liliachia nafasi bunduki inayojazwa nyuma, reli zikawafikisha matajiri wa London hadi milimani, na familia ya Malkia Victoria, iliyonunua kasri la Balmoral mwaka 1852, ikaifanya Uskoti kuwa mahali pa fahari. Msimu wenyewe, kuanzia tarehe 12 Agosti hadi 10 Desemba, umo katika sheria ya mwaka 1831. Tarehe 12 Agosti 1915, Vita Kuu ikiwa imeshatimiza mwaka, wawindaji wanane huko Abbeystead, Lancashire, waliua grausi 2,929 kwa siku moja.

Wingi huo hutengenezwa, na moto ni sehemu yake ya kwanza tu. Grausi, kama kuku, humeza vijiwe vya kusagia chakula kwenye firigisi, basi walinzi humwekea changarawe zilizopakwa dawa ya minyoo, kwa sababu minyoo ya matumbo ikizidi huangusha idadi yao kwa ghafla. Mbweha, vicheche na kunguru huuawa, na hayo sheria inayaruhusu.

Wasioruhusiwa kuguswa ni ndege walao nyama kama vipanga na tai. Na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Kuna aina moja ya kipanga wa nyika hizo, dume lake la rangi ya majivu, anayetaga chini katikati ya kaluna na kulisha makinda yake vifaranga vya grausi. Mwaka 1992 watafiti walianza kumfuatilia huko Langholm, kusini mwa Uskoti, mahali ambapo mwenye ardhi alikubali asiguswe kabisa. Majike wanaotaga walikuwa wawili. Kufikia 1997 walikuwa ishirini. Walikula vifaranga wengi kiasi kwamba ndege wa kuswagwa hawakubaki wa kutosha, na uwindaji ukasimama.

Matokeo hayo kila upande uliyabeba kama ushahidi wake. Wenye mashamba ya uwindaji walisema: mnaona, kipanga akiachwa, kazi zetu zinakufa. Watetezi wa ndege walijibu kwamba, ikiwa biashara haiwezi kuendelea pale sheria inapofuatwa, basi kasoro iko kwenye biashara. Mimi niko upande wa jibu hilo la pili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, juu ya vipanga 58 waliofungwa vifaa vya satelaiti, ulikadiria kwamba asilimia 72 waliuawa kinyume cha sheria au walielekea kuuawa hivyo. Nako Uskoti, kati ya tai wa dhahabu 131 waliofuatiliwa kuanzia 2004 hadi 2016, 41 walitoweka katika mazingira ya kutiliwa shaka, wengi wao juu ya vilima vya grausi.

Jambo la pili ni ardhi yenyewe. Chini ya kaluna mara nyingi kuna mboji nyeusi iliyolowa, ile ambayo Rwanda na Burundi huchimbwa iwe fueli. Imejilimbikiza kwa maelfu ya miaka na imehifadhi kaboni nyingi mno. Moto juu ya mboji nene unaweza kuikausha na kuiharibu, ndiyo maana mwaka 2021 serikali iliweka masharti ya kuchoma katika maeneo yaliyohifadhiwa ya Uingereza.

Hata hivyo walinzi wa mawindo wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Mahali ambapo mbweha na kunguru wamepunguzwa, sululu, yule ndege wa mdomo mrefu uliopinda ambaye jamaa zake tunawaona kwenye fukwe zetu wakati wa kaskazi, hufaulu zaidi kulea makinda, na Uingereza sululu anapungua vibaya. Aidha, katika mabonde yasiyo na kazi nyingine, nyumba ya mlinzi, mshahara wake na posho ya vijana waswagaji ni riziki ya kweli.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama kwa starehe mwaka 1977. Waingereza hawajafika huko. Ombi la umma la kutaka uswagaji ukomeshwe lilikusanya saini zaidi ya 120,000 mwaka 2016, likajadiliwa na wabunge, na serikali ikakataa. Uskoti imechukua njia yake: sheria ya mwaka 2024 inamtaka mwenye ardhi awe na leseni ya kuwinda grausi, na kipanga au tai akiuawa kwake leseni hiyo inaweza kuondolewa, hata kama aliyefyatua risasi hajapatikana. Jambo hili ni kubwa, maana kilimani hakuna mashahidi.

Langholm nako, mwenye ardhi aliuza. Wakazi wa mji ule mdogo wa wafuma nguo walichangisha pesa, na kuanzia mwaka 2021 wakanunua sehemu kubwa ya nyika ile iwe hifadhi yao. Vipanga bado wanataga humo.