Video ya mfanyakazi si kontra ya kazi

Siku hizi sosiete (kampuni) nyingi za hapa Lubumbashi, pamoja na zile za Likasi na Kolwezi, haziridhiki tena na tangazo la kubandika getini. Zinamwomba fundi wa kuchomelea au dereva wa lori la mgodi ashike simu na aonyeshe kazi yake, kisha video inatumwa WhatsApp, Facebook na TikTok ili kuvuta watu wenye ujuzi. Sisi wa ukaguzi wa kazi hatulipingi jambo hilo. Ila kila video ya namna hiyo inapozunguka, watu wanatujia na bahasha mkononi wakiuliza kazi waliyoahidiwa iko wapi.

Faida ipo, tena kubwa. Kijana wa komine ya Katuba au komine ya Kenya hapa mjini anamsikiliza fundi mwenzake kuliko picha nzuri za wakubwa wa ofisi. Fundi akisema ukweli, mwajiri naye anafaidika. Mwaka 1973 mtafiti wa Marekani, John Wanous, alichapisha jaribio lililofanywa kwa waombaji wa kazi ya kuunganisha simu. Baadhi walionyeshwa filamu ya kuisifu kazi tu, wengine filamu yenye mazuri na mabaya yake. Walioona mabaya hawakuikimbia kazi. Na walipoianza, hawakufikiria sana kuiacha kama wenzao. Kwa hiyo nawasihi wakuu wa wafanyakazi: kwenye video msikate vumbi, msikate zamu ya usiku, wala lile basi linalowapitia watu saa kumi za alfajiri. Anayekuja akijua hayo atakaa.

Sasa utaratibu, na hapa tumerudia mpaka tumechoka. Sura na sauti ya mtu ni taarifa zake binafsi, na Sheria ya Kidijitali ya Kongo, namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inazilinda. Kumwajiri mtu achomelee vyuma hakuwapi ruhusa ya kuutangaza uso wake. Andikeni karatasi ya pekee, kwa lugha anayoielewa: ni video gani, itawekwa wapi, kwa muda gani, na itaondolewa vipi siku akiacha kazi. Atie sahihi, abaki na nakala. Anayekataa asiadhibiwe wala asibadilishiwe zamu. Aliyekubali leo anaweza kubadili nia kesho, na sosiete itaiondoa video kwenye kurasa zake. Saa anazorekodi kwa agizo la shefu ni saa za kazi, zilipwe.

Mfanyakazi naye anabanwa na sheria. Sheria ya Kazi (Code du travail), namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamkataza kutoa siri za biashara za mwajiri wake. Ndiyo maana mtu wa ofisi lazima aitazame video kabla haijatoka, na aitazame polepole. Niliona moja, fundi anaeleza vizuri kabisa jinsi ya kuchomelea bomba. Kitambulisho kilikuwa kinaning'inia kifuani. Ukiisimamisha picha unasoma jina, namba yake ya kazi, hata sahihi ya mkuu. Nyuma yake, ubaoni, namba za simu za mashefu wa zamu. Mwizi hahitaji kitu kingine. Ananakili kitambulisho, anaiweka video kwenye ukurasa wake, anaongeza namba yake ya simu, kisha anaanza kudai pesa ya dosiye (faili la kuomba kazi) kwa M-Pesa au Airtel Money. Kabla ya kurekodi, vitambulisho vivuliwe na ubao ufutwe. Na dereva asirekodi akiwa anaendesha, lori lisimame na lizimwe.

Ninyi watafuta kazi, fundi anayesema kwenye video «njooni, nafasi ziko» hana mamlaka ya kumwajiri mtu. Kuandika namba yako ya simu chini ya video si kuomba kazi, na hakukupi haki yoyote ya kudai. Kontra ya kazi, yaani mkataba, huandikwa na kutiwa sahihi, na mwajiri huipeleka ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, ikapate viza, yaani idhini. Ni kweli kwamba kontra isiyoandikwa huhesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vinginevyo, lakini hiyo humlinda aliyekwisha kuanza kazi. Kuhusu majaribio, kikomo ni mwezi 1 kwa kibarua asiye na ufundi na miezi 6 kwa wengine. Anayewaambia mfanye majaribio ya mwaka mzima anawadanganya.

Na pesa: kazi hainunuliwi. Anayepokea pesa kwa hila na ahadi ya uongo anatenda kosa la utapeli, na Sheria ya Adhabu (Code pénal) inampa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5 na faini, au kimojawapo. Lakini msikimbilie kumwita mwizi fundi mnayemwona kwenye video, kwa kuwa mara nyingi naye ameibiwa sura. Kifungu cha 360 cha Sheria ya Kidijitali kinamwadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo juu ya mtu mitandaoni: kifungo cha mwezi 1 hadi miezi 6, faini ya faranga 500.000 hadi 1.000.000, au kimojawapo.

Jambo moja kwa waajiri. Video inayozunguka katika makundi ya ndugu na marafiki wa wafanyakazi huwaleta ndugu na marafiki wale wale. Kifungu cha 36 cha Katiba kinakataza mtu kuonewa kazini kwa asili yake au jinsia yake. Waonyesheni na wanawake mnaofanya nao kazi, na nafasi ile ile itangazwe ONEM pia.

Aliyetapeliwa aje na simu yenyewe, asifute video wala ujumbe wa kutuma pesa. Aliyeacha kazi na bado anatumika kwenye matangazo amwandikie kwanza mwajiri wake wa zamani, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha atuletee nakala hiyo. Bila muhuri, mwajiri atasema barua haikufika, na dosiye itakwama hapo.