Baridi yabisi si kinga iliyopungua

Mtu akiambiwa ana baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili, wengi humshauri "apandishe kinga" kwa unga wa mlonge na vidonge vya vitamini. Ushauri huo umekosea mwanzoni kabisa. Kinga yake haijapungua; imepotea njia, inashambulia viungo vyake mwenyewe. Tiba huituliza.

Kutuliza kuna masharti. Methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, humezwa mara moja kwa wiki, siku ileile. Dozi ya miligramu 10 ni vidonge vinne vya 2.5. Andika jina la siku juu ya boksi: "JUMATATU TU". Anayeimeza kila siku huanza kuota vidonda mdomoni, kisha uboho wake hushindwa kutengeneza damu, naye anaweza kufa. Asidi ya foliki, vitamini ya kupunguza madhara yake, huliwa siku nyingine. Mjamzito haruhusiwi kutumia methotreksati.

Kwa sindano za kutuliza kinga kama infliksimabu na adalimumabu, hatari kubwa kwetu ni kifua kikuu. Bakteria wake waweza kulala mapafuni miaka mingi, wamezingirwa na seli za kinga kama ukuta. Dawa hizi huzuia TNF, kemikali inayoushikilia ukuta huo, na bakteria hutoka. Ndiyo maana kabla ya sindano ya kwanza hupimwa kifua kikuu kilichojificha, pamoja na homa ya ini B. Kikipatikana, kitibiwe kwanza.

Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai: usichanjwe ukiwa kwenye sindano hizi. Na prednisoloni, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ukiitumia kwa muda mrefu usiikatishe ghafla.